Mtu wa Tatu kwa Mama Ernestine

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Msiba! Mama Ernestine ameacha kahawa.

Miaka mitatu nimempelekea nusu kilo kila wiki, niliyoikaanga kwa mkono wangu, mpaka pale kwenye cherehani yake, avenue ya pili kutoka kwangu hapa Katindo. Yeye alifiwa na mume, mimi nilifiwa na mke. Miaka mitatu nimekwenda na nusu kilo mkononi na neno moja mdomoni. Nusu kilo hufika. Neno ninarudi nalo nyumbani.

Leo nimekuta vijana wawili mlangoni pa parcelle yake, yaani ua wake, shati jeupe, tai, kibandiko cheusi kifuani. Wamormoni. Mmoja ni Achille wa Kinshasa, mtu wa maneno machache. Mwingine ametoka mbali kabisa, Abidjan, ana miaka ishirini, na kibandiko chake kinamwita Mzee. Mzee! Mimi nina hamsini na moja, nusu ya meno yangu imeshastaafu, na bado ni Papa Kasereka tu. Jina lake la ukoo limetushinda, kwa hiyo avenue nzima inamwita Muzee Lionel.

Ernestine akapaza sauti kutoka ndani: kahawa nirudi nayo, hawa watoto wanamufundisha, na kwao kahawa ni mwiko. Ndipo Muzee Lionel akanieleza shida yao, kwa Kiswahili cha redio. Kwa mama anayeishi peke yake hawaruhusiwi kuingia mpaka awepo mwanaume mwingine, mtu mzima. Mtu wa tatu. Je, ningekuwa na dakika thelathini?

Nikasema ninayo miaka thelathini.

Nikaingia nyuma yao. Nyuma, kwa sababu jirani ana mbwa, anaitwa Commandant, na mimi na Commandant hatujawahi kuelewana.

Somo sikulielewa. Kulikuwa na kijana, kulikuwa na msitu, kulikuwa na Amerika. Mimi niliangalia jinsi Ernestine anavyotia uzi kwenye sindano bila miwani. Muzee Lionel akaniuliza moyo wangu unasikia nini. Nikasema amani. Akaandika kwenye daftari.

Mwisho Ernestine akatoa habari mbaya. Kaka yake mkubwa, Sikuli wa Butembo, anataka arudi kwao akamsimamie duka. Jibu analitaka Jumapili hii. Kama hana sababu ya kubaki Goma, afunge cherehani yake, aende.

Siku sita! Mpango: kila siku mimi ndiye mtu wa tatu, mpaka neno litoke.

Jumanne, tarehe 4

Tulipewa kurasa za kusoma katika kitabu chao cha bluu. Sikusoma. Nilikaanga kahawa. Muzee Lionel aliponiuliza nimejifunza nini, nikamjibu kwa katekisimu ya masista wa Butembo, ile ya mwaka wangu wa tano shuleni. Ernestine akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Ushindi!

Halafu ajali. Nimegundua silaha ya huyu kijana. Anakuuliza kitu moja kwa moja, akiwa amekukazia macho, kisha ananyamaza. Kimya. Haongezi neno, hakohoi. Kimya kinakua kama unga wa mikate, na wa kwanza kufungua mdomo ndiye anayeshindwa. Akamuuliza Ernestine kama yuko tayari kuendelea bila kahawa. Ernestine akasema ndiyo. Akanigeukia. Na mimi, Papa Kasereka, je?

Kimya.

Sijui mdomo wangu ulipata wapi ruhusa. Nimeahidi wiki nzima bila kahawa. Mimi! Mkaangaji! Binti yangu Fabiola aliposikia alikaa kwenye gunia akasema, "Weye papa, sasa samaki naye ataacha maji."

Jumatano, tarehe 5

Kichwa kinauma tangu alfajiri. Nimekunywa maji ya moto nikayapulizia, kujidanganya kwamba ni kahawa.

Jioni pigo la pili, lenye suruali iliyonyooshwa. Kanisa lao limemtuma mtu wa tatu wa kweli. Anaitwa Dieudonné, fundi umeme, muumini wao wa miaka mingi, naye pia alifiwa na mke. Tai yake na soksi zake zinafanana. Akaeleza kwa upole kwamba mimi ni mwanafunzi, na mwanafunzi hawezi kuhesabiwa kama mtu wa tatu. Nikasema nimekaa kwenye kiti hiki tangu Jumatatu. Akasema kiti si sakramenti.

Muzee Lionel akachanganyikiwa. Akamuuliza Achille kama inaruhusiwa kuwa na mtu wa tatu wawili. Achille akafikiri, akasema hakuna mahali pamekatazwa. Basi tukakaa sote. Dieudonné akapewa kiti chenye mgongo, mimi nikapewa ndoo iliyogeuzwa.

Lakini Mungu yupo! Wakati wa kutoka Commandant alikuwa amefunguliwa. Dieudonné akapanda juu ya ukuta wa mawe ya volkano akiwa na viatu vyake vya kung'aa, akabaki huko, tai imenasa kwenye jiwe, akimwita jirani aje amfunge mbwa wake. Mwoga! Nimecheka sana. Nilikuwa nacheka kutoka ndani, nimefunga mlango, lakini nimecheka.

Alhamisi, tarehe 6

Hawa vijana wanapenda kusaidia. Kila somo wanauliza kuna kazi gani. Kwa hiyo nikapanga: ule ukuta wa Ernestine, pale Dieudonné alipoangusha mawe akipanda, tuujenge upya. Yeye ni mtu wa nyaya na bisibisi. Mimi nimebeba magunia maisha yangu yote. Ernestine ataona mwenyewe nani mwanaume.

Ernestine ameona. Dieudonné alivua tai, akabeba mawe kama tingatinga, huku akiimba. Muzee Lionel na Achille wakapokezana naye. Mimi nilichagua jiwe kubwa kuliko yote, nikalinyanyua mpaka magotini, nikatabasamu upande wa cherehani, nikaliachia juu ya kidole gumba cha mguu.

Nikakaa kwenye ndoo yangu. Ernestine akaja na maji ya chumvi, akaniosha, akakata kipande cha kitenge kipya, cha maua ya njano, akanifunga kidole. Akaniuliza kama wanaume wote wa Katindo wanafanya kazi kwa vidole. Dieudonné yeye hakufungwa kitu. Alipewa asante tu, tena mbele ya watu wote! Mimi sijawahi kuambiwa asante kwa sauti, hata siku moja. Nimefikiria sana kuhusu kile kitenge. Naona kilikuwa mabaki.

Ijumaa, tarehe 7

Siku ya tatu bila kahawa. Fabiola amenifuma nimeingiza kichwa ndani ya gunia. Nikamwambia nilikuwa natafuta panya. Akaniuliza kama nimempata kwa pua.

Nimekaanga kilo kumi nikiwa nimefunga kitambaa usoni. Kazi ni kazi. Lakini shati halikufungwa kitambaa. Katikati ya somo Dieudonné akanusa hewa, akasema kwa huzuni kwamba humu ndani kuna mutu anakunywa kahawa. Wote wakaniangalia. Nikasema ni shati ndilo linakunywa, mimi sijagusa tone. Muzee Lionel akasema ananiamini. Hivyo tu. Ananiamini!

Baadaye akanisindikiza mpaka kona, Achille nyuma yetu hatua tatu, maana hawaachani hata kwa dakika. Akaniambia wiki hii wamefungiwa milango minne. Mama mmoja wa Munigi aliwamwagia maji ya kuoshea sombe, majani ya muhogo, kwa bahati mbaya, kisha akawamwagia tena. Mama yake mwenyewe, huko Abidjan, hajamwona mwaka mmoja na miezi miwili. Halafu akasema kwamba anapochoka humfikiria Papa Kasereka, anayekuja kila siku hata na kidole kilichovunjika, kwa ajili ya neno la Mungu.

Kwa ajili ya neno la Mungu.

Nilimwambia kidole hakijavunjika. Usiku huu usingizi hauji, ni aibu.

Jumamosi, tarehe 8

Nimekiri. Nimewangoja kwenye kona asubuhi, nikamwambia Muzee Lionel ukweli wote: kitabu cha bluu sijafungua, ninakuja kwa ajili ya Ernestine, na kesho atamjibu kaka yake, na mimi mdomo wangu umekauka miaka mitatu sasa.

Nilitegemea atalia. Akacheka! Akasema, "Papa, mimi nilijua tangu Jumatatu. Hukukitazama kitabu hata mara moja." Achille naye akacheka, nikagundua kwamba ana meno. Nikamuuliza mbona basi jana alinisifu. Akasema mtu anayeacha kahawa kwa ajili ya mtu mwingine, na yeye ndiye muuza kahawa, hajakaa mbali sana na Mungu. Sijui hilo ni somo la ngapi.

Nikamwomba awe mjumbe wangu. Kwetu mutu haendi kujisemea mwenyewe. Akakataa. Hiyo kazi hakutumwa. Lakini akanipa silaha yake, bure kabisa: muulize moja kwa moja, mwangalie, kisha nyamaza. Usiongeze neno.

Saa kumi nikaenda. Nikawangoja wao wapite kwanza kwa Commandant. Wakasimama uani, nikaingia hatua mbili. Ernestine akaacha kushona. Nikamwangalia moja kwa moja. Nikasema, "Mama Ernestine, nina swali moja." Akasema niulize. Nikauliza.

Nikamuuliza kama anaweza kuniazima ngazi.

Kisha nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Sikuongeza neno. Yeye naye akanyamaza. Nilihesabu mpaka arobaini. Nje nilimsikia Achille akisema "aaah" kama mtu aliyekosa penalti. Mwisho Ernestine akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akaleta ngazi.

Nimevuka avenue mbili na ngazi begani, nikichechemea. Sina kazi nayo. Nyumba yangu ni fupi. Fabiola ameuliza, "Papa, unapanda wapi?"

Jumapili, tarehe 9

Siku yenyewe. Nimekwenda kwenye kanisa lao nikiwa na tai ya harusi yangu, ambayo sasa inafika kifuani tu. Waliimba vizuri. Dieudonné alinishikia kitabu cha nyimbo na akanionyesha mstari, na hilo ndilo linaloudhi kwake: ni mtu mwema.

Baada ya ibada tukaenda wote kwa Ernestine. Kwanza somo fupi. Muzee Lionel akamuuliza kama atabatizwa tarehe ishirini na tisa, akanyamaza. Ernestine akasema ndiyo. Kijana akaandika kwenye daftari, na mimi nikafurahi kweli, kana kwamba mimi ni baba yake.

Kisha simu ikalia. Sikuli! Ernestine akaiweka mezani, sauti juu, tusikie sote. Kaka akamuuliza kama anarudi Butembo. Akajibu kwamba harudi. Akaulizwa sababu.

Akasema, "Kaka, hapa iko mwanaume. Anakuja kila siku. Atasema siku atakapomaliza kuogopa."

Dunia ikageuka giza. Mwanaume! Anakuja kila siku! Anaogopa! Nikamwangalia Dieudonné. Ni nani alipanda ukutani Jumatano? Nani tai yake ilinasa? Yote yakajipanga kichwani mwangu kama viti vya harusi. Muzee Lionel akanikanyaga mguu, tena ule wa kidole. Nikapiga kelele. Wote wakageuka. Nikasema amina.

Sikuli akasema sawa, lakini huyo mutu afanye haraka. Simu ikakatika.

Hapo Ernestine akafanya jambo la ajabu. Akaingia jikoni, akarudi na kopo lake la kahawa, yangu ya mwezi uliopita, akachemsha kikombe kimoja. Yeye ameacha, Dieudonné hanywi, vijana hawanywi. Akanipa mimi. Akasema ahadi yangu ilikuwa ya wiki, na wiki imekwisha. Kisha akasimama mbele yangu, akanikazia macho, akauliza, "Papa Kasereka, uko na neno la kuniambia?"

Na akanyamaza.

Nani amemfundisha hiyo! Nikasikia kimya kinakua. Cherehani kimya, Achille kimya, hata Commandant kimya. Muzee Lionel alikuwa amefumba macho, nafikiri alikuwa anaomba. Nikashindwa. Nikafungua mdomo, nikamwambia kwamba kahawa hii ingehitaji dakika mbili zaidi kwenye moto.

Ernestine akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kitenge cha maua ya njano, jora zima lilikuwa pale mezani, jipya. Akasema basi, ngazi yake niirudishe Jumapili ijayo, na nije na wajomba zangu.

Wajomba! Kwa ngazi moja! Nimeibeba peke yangu na kidole kibovu. Mjomba wa Munigi ana mgongo, mjomba wa Kiwanja apande pikipiki siku nzima kwa ajili ya mbao mbili na vipandio tisa? Nitakodi chukudu, kigari chetu cha mbao, ngazi itarudi na wazee watapumzika. Kuhusu kahawa, nimeshaelewa: alikuwa anamaliza mabaki.

La muhimu sasa ni kumjua kwa hakika yule mwoga. Kesho nitamwendea Dieudonné nyumbani kwake, nimuulize moja kwa moja, nimwangalie, ninyamaze. Nitapita kwa njia ndefu ya sokoni. Kwenye njia fupi kuna Commandant.