Mwanaidi Kashinda, Mimi Nimelowa

Jamani, leo nimeumbuliwa mchana kweupe. Na aliyeniumbua ni farasi niliyemlea kwa chupa.

Kwa wasionijua vizuri: nafanya kazi kwenye shamba la farasi wa mbio, kusini mwa Joburg, huku Afrika Kusini. Ni shamba la familia. Mzee Kobus ndiye mwenye mali, mkewe tunamwita Madam, na binti yao Riana ndiye anayewafundisha farasi kukimbia. Mimi nawalisha, nawaogesha, nazoa samadi. (Nyumbani Tanga nimesema mimi ni "kocha". Tuyaache hayo.)

Mwanaidi alizaliwa asubuhi ya Idi. Wenzangu wako kwenye swala, mimi nimelala chini navuta miguu ya mtoto wa farasi. Siku ya tatu mama yake akafa. Nikawa mama mimi. Nikamnywesha maziwa, nikalala naye kwenye majani makavu, nikanuka kama yeye mpaka mke wangu akanihamishia kwenye kochi. Kwenye karatasi ana jina refu la Kiingereza. Kwangu ni Mwanaidi, na nikimwita hivyo anageuza shingo.

Wiki iliyopita Riana akaniambia, "Hassani, Jumamosi anakimbia uwanja wa Turffontein. Akishinda, wewe ndiye utakayemshika kwenye picha. Vaa vizuri."

Vaa vizuri! Nikaazima suti ya Papa Dido, kinyozi kutoka Lubumbashi tunayepanga naye mtaa wa Berea. Suti ya kahawia inayong'aa, aliyoivaa siku ya harusi yake. Nikaalika watu. Papa Dido akaja kuilinda suti yake. Binti yangu Latifa, miaka tisa, akaja na rafiki yake wa shule aliyekwisha kuambiwa kwamba farasi ni wa baba. (Sikumsahihisha. Wewe ungemsahihisha?)

Basi mbio zikaanza. Mwanaidi akatoka wa mwisho. Kufika kona ya mwisho akafunguka! Akampita mmoja, akampita wa pili, mimi napiga kelele kwa Kidigo kabisa. Kwenye mstari akashinda kwa pua. Pua tu! Nikalia mbele za watu, sikuona haya.

Nikamwongoza hadi kwenye kiuwanja cha washindi. Watu wangu wameshika uzio, simu zote juu. Nikasimama kichwani pake, nikafunga kifungo cha koti, nikapandisha kidevu.

Akaja Mzee Kobus na wageni wawili kutoka ng'ambo wanaotaka kumnunua Mwanaidi. Madam akaitazama suti yangu, juu mpaka chini.

"Hassani, rudi nyuma kidogo."

Nikarudi.

"Kidogo tena. Hii ni picha ya familia tu, unaelewa, eh?"

(Shambani, samadi ikijaa, sisi sote ni familia moja. Nimeambiwa hivyo kila Krismasi.)

Nikamtazama Riana. Riana akaitazama simu yake.

Nikampa Mzee kamba, nikaondoka. Mwanaidi akanifuata! Akamburuta Mzee Kobus hatua nne, kofia ikaanguka, wageni wakaruka pembeni. Mpiga picha akasema, "Mrudisheni huyo bwana, farasi anamtaka yeye." Moyo wangu ukapata nguvu. Nikarudi nikitabasamu.

Madam akanionyesha kwa kidole. "Chuchumaa hapo, upande wa pili, karibu na mguu wa nyuma. Akusikie tu. Usionekane."

Nikachuchumaa. Katika suti ya harusi ya mtu.

Mwanaidi bado anatetemeka. Nikampigia mluzi polepole, kama nilivyompigia tangu mchanga. Mazoea tu. Nilisahau jambo moja. Kila farasi akishinda, daktari huchukua mkojo wake kuupima, kwa hiyo sisi huwafundisha mapema: akisikia mluzi, akojoe. Na aliyemfundisha Mwanaidi ni nani? Ni mimi.

Mtoto mtiifu, masikini.

Ndugu zangu, farasi hakojoi kama mbuzi. Ni ndoo nzima, tena ya moto. Bega, mgongo, kola, yote. Nataka kuinuka, mpiga picha anapaza sauti, "Msitikisike! Hivyo hivyo!" Na mimi, nisiyekuwa hata kwenye picha, sikutikisika. Nilibaki pale nikimwagikiwa mpaka mwisho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

"Mama yee!" Papa Dido alilia kwenye uzio. "Costume yangu!"

Uzio mzima ukaangua kicheko.

Daktari akatokea na kikombe chake kwenye fimbo. "Mkojo uko wapi?"

Nikajionyesha mimi mwenyewe.

Hakucheka. Akasema tusubiri mwingine. Tumesubiri saa nzima, mimi na Mwanaidi, yeye kavu, mimi nimelowa, napiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Familia walipanda juu kunywa na wageni. Riana alipopita alisema, "Asante, Hassani. Bila wewe tusingeweza." Kisha akasogea mbali kidogo, kwa sababu ya harufu.

Tulipotoka getini picha ilikuwa tayari mtandaoni. Familia inatabasamu, wageni wanatabasamu, na chini ya tumbo la Mwanaidi inaonekana suruali ya kahawia. Papa Dido akaivuta simu karibu na macho. "Hassani, hii farasi iko na miguu sita!" Chini wameandika majina ya wote, hadi ya wageni. Langu halipo.

Latifa huwa hanijibu ila kwa Kizulu. Leo, mbele ya rafiki yake, kanisemesha Kiswahili, taratibu, kama anayekitafuta: "Baba, kwa nini wewe jificha?"

Nikamwambia kazi ndivyo ilivyo. Akatikisa kichwa, akanishika mkono ule ule uliolowa, tukatembea.

Mkitaka kucheka, chekeni. Ninachoomba ni kimoja: ile picha msiitume Tanga. Mama yangu ataitambua miguu.