Mtumbwi Wangu wa Enzi za Wajerumani

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Viateur amepata kofia. Jirani yangu huyu, ambaye hata ndoo yake huibiwa, amewekwa mlinzi wa bomba la maji la mtaa. Amepita mbele yangu mara nne ili nimwone. Nilimwona mara ya kwanza.

Jioni redio imesema mataifa yanajadili sheria: chombo kilichokaa chini ya maji miaka mia kisiguswe, ni urithi wa watu wote. Urithi unataka mlinzi. Mlinzi anataka kofia. Shida ni kwamba hapa Gisenyi sina chombo kilichozama. Bon, hilo dogo.

Jumatano, 8 Septemba

Nimechonga "1896" ubavuni mwa mtumbwi wetu, nikaujaza mawe, nikauzamisha karibu na ufukwe wa ziwa. Umezama kwa adabu. Saidati, mke wangu, huutumia kila Jumamosi kuleta sambaza, vidagaa vyake vya kuuza, kutoka Nyamyumba. Nimemwambia uko kwa fundi. Kesho kutwa nikishavaa kofia nitauopoa, nitumbukize gogo mahali pake. Nimepeleka habari ofisi ya komine kwamba nimeona chombo cha Wajerumani kilichozama. Akili ni mali!

Ijumaa, 10 Septemba

Amekuja Mama Illuminée, afisa wa utamaduni, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili cha kumtia mtu aibu. Akachungulia majini. Akauliza ile njano ni nini. Mungu wangu, kiraka cha plastiki ya kidumu! Nilikisahau.

Hapo akatokea Viateur. Mtumbwi wangu anaujua, ameuazima mara ngapi. Nikajua nimekwisha. Lakini alivua kofia, akasema njano hiyo iko rangi ya Wajerumani, na marehemu babu yake aliuona ukizama kwa macho yake. Akajifuta machozi. Muongo mkubwa.

Mama Illuminée akatoa amri: urithi hautolewi ulipo. Atakayeugusa atalala ndani. Na mlinzi ni Viateur, kwa sababu ya ushahidi wa ukoo. Sasa ana kofia mbili.

Jumamosi, 11 Septemba

Saidati amekiona kiraka. Alikipigilia misumari mwenyewe. Tumekwenda Nyamyumba kwa miguu na beseni la sambaza nimerudi nalo kichwani. Pale ufukweni Viateur akapiga filimbi, akaniamuru nisisogelee urithi wa taifa.

Saidati hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema, "Baba Igihozo, mtumbwi ule ndio unalisha watoto. Mtumbwi usipokuwa hapa Jumatatu, mi narudi kwa mama." Nimeumia kweli. Nampenda mwanamke huyu, hata akinuka samaki.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimeungama. Mama Illuminée akasema alijua tangu Ijumaa. Mchongo ulikuwa mbichi, alikuwa anasubiri nione haya. Akanifundisha kwa upole: chombo cha kale kinaachwa kilipo ili wajukuu wakisome, na urithi wa uongo unawafanya watu wasiamini wa kweli. Nikaitika kila neno. Akaamuru mimi na Viateur tuuopoe pamoja, yeye akiwa amesimama pale pale. Viateur amebaki na kofia moja tu. Saidati amecheka mpaka akakaa chini, halafu akanipikia.

Somo nimelielewa kabisa: kosa langu lilikuwa kutumia mtumbwi mpya. Shemeji yangu Hamdani ana mashua ya babu yake, ya kale kweli, haihitaji kuchongwa. Naye yuko Goma mpaka Alhamisi.