Nati ya Mwisho ya Nyoka wa Chapwa

Njooni, enyi watu wa Chapwa na Ihanda. Njooni nanyi mliolala kwenye foleni ya malori mkingoja kuvuka mpaka wa Tunduma, zimeni injini zenu mnisikilize. Waiteni wa Iyula, waweke chini ndoo za kahawa. Nawasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika kiwanja cha nyuma ya soko, kati ya Lwitiko mwana wa Scola, Lwitiko Asiyekimbia Cheche, na nati moja yenye kutu. Falme zimeanguka kwa kelele ndogo kuliko zilizosikika siku ile, na hapakumwagika damu ila kidogo, kwenye kidole gumba.

Lakini nati haisimuliwi kabla ya bolti yake, wala bolti kabla ya Nyoka.

Nyoka alikuwa bembea ya reli, mnyama wa chuma aliyepanda hewani juu kuliko paa la kanisa, akashuka, akapanda tena, akajizungusha na kurudi alipoanzia. Alimjenga Amoni fundi, Amoni Aliyeona Reli Ndani ya Skrepa, kwa chesisi za malori yaliyopinduka mteremkoni. Injini ya mashine ya kusaga ilivuta vigari vinne hadi kileleni, na kutoka kileleni hakukuwa na injini tena, palikuwa na Mungu tu. Kila Krismasi na kila Idi, watoto wa mji mzima walipanga mstari pale wakiwa na nguo mpya, na ndugu zao kutoka Nakonde walivuka mpaka kwa ajili hiyo hiyo.

Amoni mwenyewe alikaa kigari cha mbele, ameshika breki. Kiti chake kilitoka kwenye kabina ya lori, kipana, chekundu, na chini yake aliweka spring nene ili anayekikalia arushwe kidogo hata kabla ya safari. Pembeni yake alikaa mkewe Enesi, kitenge kimefungwa mara mbili. Na pale juu kabisa, kabla ya kuanguka, Amoni aligeuka akawapigia abiria ukelele ambao hadi leo mtu wa Chapwa akiusikia huinua mikono:

"Mikono juu, roho mfukoni!"

Kisha Amoni akafariki. Nyoka akasimama. Mvua ya masika ikampaka kutu, nguzo zake zikaanza kuegemeana kama walevi wanaosindikizana, na kipande cha reli kikadondoka usiku kikaua bata wa watu. Mtaa ukakaa kikao. Ikasemwa Nyoka ashushwe, na mahali pake pajengwe wodi ya wazazi. Watu walitazama chini, maana nani angemwambia mjane maneno hayo? Ndipo Enesi akasimama mwenyewe.

"Amoni alipenda kusikia wanawake wakipiga mayowe halafu wakacheka," alisema. "Jengeni. Mimi naomba kile kiti tu. Nikiweke barazani."

Nami nasema hapa, kama mtu anayeamini kwamba mji huu utakuwa mzuri: mwenye moyo mkubwa si yule anayeng'ang'ania kila kitu. Ni yule anayejua ni kipi kidogo cha kubaki nacho.

Siku ya kushushwa ikafika, na mji ukahamia kiwanjani. Kila nguzo iliyoanguka ilipokelewa kwa sauti ya msiba na kicheko kwa pamoja. "Hapo kwenye kona ndipo nilipotapika soda yote!" alilia mama mmoja mwenye heshima zake. "Hapo ndipo uliponitapikia mimi," akajibu mumewe, "na bado nikakuoa." Gesi ya kukatia ikanguruma, reli zikalala chini vipande vipande, na kufikia jua la utosini kilibaki kigari kimoja juu ya kipande kimoja cha reli. Kigari cha mbele. Kiti chekundu.

Bolti tatu zilifunguka kwa adabu. Ya nne ikakataa.

Gesi haikuweza kutumika, kwa kuwa moto ungekula kiti chote, sponji na ngozi. Grenda nayo ilikuwa imelala, kwani umeme wa mtaa ulikatika tangu asubuhi kama desturi yake. Palibaki spana, na aliyeishika alikuwa Lwitiko, mwanafunzi wa mwisho wa marehemu, aliyekwisha kumwambia Enesi mbele za watu: "Bibi, leo jioni utakalia kiti chako."

Mbele yake alisimama Lucky Mla Vyuma, mnunuzi wa skrepa, kijana ambaye mama yake ni wa Nakonde, mtu mwema lakini mwenye haraka. Lori lake la Fuso lilikuwa limeshapakia, na dereva amewasha injini.

"Mukwai, Lwitiko," alisema Lucky kwa neno la heshima la kwao mama yake, "mimi si mchawi wala si adui wa wajane. Lakini tulipatana na mtaa: nikimaliza kupakia, kilichobaki juu ya reli kinapanda gari. Reli hii ni yangu. Kiti kikiwa chini, ni cha bibi. Kikiwa juu, naondoka nacho."

"Umemaliza kupakia?"

"Zimebaki nguzo mbili zile."

"Basi pakia polepole, ndugu yangu, kama mtu anayebeba mayai."

Hapo Lwitiko akavua shati. Akainama chini ya kigari, akaitazama nati uso kwa uso, akaihutubia: "Ewe nati, wewe uliyewekwa na mkono ulionifundisha kazi! Nakusihi kwa wema. Ukikataa, nakuja kwa ubaya."

Nati ikakataa.

Akaja kwa dizeli, akaimwagia hadi ikanuka kama yadi ya malori. Akaja kwa nyundo, akaipiga ubavuni, na nyundo ikachagua kidole gumba. Akavalisha spana bomba refu ili kuongeza nguvu. Bomba likapinda, nati ikatulia kama mama mkwe. Ndipo akapaza sauti: "Wanaume, inueni kiti! Kipunguzeni uzito, nati ipumue!" Wanaume wanne wakakishika kiti kwa pembe zake, kwa heshima kuu, wakakivuta juu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kadiri walivyovuta, ndivyo nati ilivyozidi kukaza.

Msiwacheke. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu Amoni azikwe, na kwetu kiti cha marehemu hakikaliwi ovyo. Kinafutwa vumbi, kinainuliwa, kinapishwa. Basi watu wote wa Chapwa walikiinua kiti cha Amoni, na hakuna hata mmoja aliyewaza kukikalia.

Nguzo ya kwanza ikapanda Fuso.

Wakati huohuo kulisikika pikipiki ikilia kwa uchungu, na juu yake akatokea Kashinje, Kashinje Bwana wa Mikia Mingi, mfugaji kutoka bondeni Momba, mtu ambaye akikaa kwenye benchi wenzake husimama bila kutaka. Alikuwa mtani wa Amoni. Utani wao ulianzia wapi hakuna ajuaye. Lakini siku ya mazishi ndiye aliyeingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na hata wafiwa walicheka.

"Hiki ndicho kinachowashinda?" alinguruma. "Watu wa milimani, mnajua kuchuma kahawa tu!"

"Na wewe unajua kufukuza nzi!" ukajibu umati.

"Nasikia mnamla Nyoka bila kuniita. Amoni aliniahidi mzunguko wa bure. Akaona nimekaribia, akakimbilia kufa! Mtu bahili huyo! Leo naudai." Na kabla mtu hajamzuia, Kashinje akapanda kigarini, akageuka, akajishusha kwa uzito wake wote juu ya kiti chekundu.

Umati ukashika vinywa. Spring ikalia.

"Ng'ombe amepanda kiti cha watu!" alisema Enesi, ameweka mikono kiunoni. "Shuka, zizi lako liko Momba."

"Sishuki. Nataka jogoo."

"Ulishakula jogoo wetu msibani."

"Yule alikuwa wa kaburi. Huyu ni wa reli."

"Mzee Kashinje," akaingilia Lucky kwa upole, "mukwai, ukibaki hapo nitakupakia nawe, na sina bei ya nyama." Watu wakaangua kicheko, na Kashinje naye akacheka, akaanza kuinuka.

Ndipo sauti ikatoka chini ya kigari, sauti ya mtu aliyeona ufunuo:

"Kaa! Mzee wangu, kaa! Usiinuke! Kama unaweza, nenepa!"

Maana Lwitiko, ambaye spana yake haikuwa imeondoka kwenye nati, alihisi kitu alichokuwa hajakihisi tangu asubuhi: nati imeshusha pumzi. Na hapo akaelewa. Ilikuwa spring! Spring ya Amoni ilikuwa ikisukuma kiti juu, bolti ikikizuia chini, na wao kwa heshima yao yote walikuwa upande wa spring. Kiti hakikutaka kuinuliwa. Kilitaka kukaliwa.

Kashinje akakaa kwa nguvu zote alizojaliwa. Lwitiko akavuta. Nati ikasogea upana wa unywele, ikasimama.

"Bado kidogo!" alilia shujaa. "Uzito wa mtu mmoja tu!"

Watu wakatazamana. Mtani ana ruhusa yake. Nani mwingine anayo? Nguzo ya pili ilikuwa tayari mabegani mwa wapakiaji. Kisha macho yote, taratibu, yakamgeukia Enesi.

Enesi alikuwa hajagusa kiti hicho tangu msiba. Alikifuta kwa macho tu, kwa mbali. Alikitazama sasa, ile nafasi ya kushoto, iliyobonyea kwa kiasi chake.

"Kashinje," alisema, "sogea. Umekalia nafasi ya watu wawili."

"Na bado hainitoshi," alisema Kashinje, lakini akasogea, na akampa mkono kwa adabu.

Enesi akafunga kitenge mara mbili. Akapanda. Akakaa. Spring ikashuka hadi mwisho wake. Dereva wa Fuso akazima injini. Na yule mama, akitazama mbele mahali ambapo hapakuwa tena na reli wala kilele, anga tu na milima ya upande wa pili, akavuta pumzi, akapiga ukelele:

"Mikono juu, roho mfukoni!"

Mikono ya mji mzima ikapanda. Mikono ya Lwitiko peke yake ikashuka, na spana pamoja nayo, na nati ikalegea, ikazunguka, ikaanguka majanini kama embe bivu. Bolti ikachomoka. Spring, iliyokuwa imefungwa miaka yote ile, ikawa huru, ikawarusha Enesi na Kashinje juu kiasi cha shubiri moja, na wote wawili wakapiga yowe lile lile la zamani, halafu wakacheka mpaka machozi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya Nyoka.

Lucky aliwaambia wapakiaji waishushe nguzo ya pili, akasaidia kubeba kiti. Wakakipeleka kwa maandamano, vigelegele mbele, pikipiki nyuma, kupita sokoni, mpaka barazani kwa Enesi, kikatazama kiwanja ambapo wodi itasimama. Kashinje alipewa jogoo.

Na iwe hivi katika kumbukumbu za mji wa Tunduma: kwamba palikuwa na nati, na Lwitiko mwana wa Scola akaifungua, na haikufunguka kwa nguvu. Nati yenyewe ameivalisha uzi, imening'inia mlangoni mwa karakana yake. Wapita njia humuuliza ni ya gari gani.

"Si ya gari," hujibu. "Bibi yuko barazani kwake. Nenda ukamwombe ukae pembeni yake, halafu inua mikono."