Taa Iliyofungwa Mkanda

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wa kuku! Wa kulia umening'inizwa kifuani kwa kitambaa. Mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika. Taa haina hata mkwaruzo.

Nilimnunulia mama mkwe taa ya mezani, ya kioo, shingo nyembamba. Makabati ya ndege yalijaa mizigo ya abiria. Nikaiweka kwenye kiti changu cha uhudumu, kile cha kukunja karibu na mlango, nikaifunga mkanda wa kiunoni na wa mabegani. Hewa ikaanza kutikisa. Rubani akaamuru wahudumu tukae mara moja. Sheria yetu ni fupi: funga breki za toroli, kaa popote ulipo, hata sakafuni. Sakafuni! Mtu wa umri wangu, na suruali iliyopigwa pasi! Nikabaki nimesimama na birika, nikitabasamu.

Ndege ikadondoka kama ndoo kisimani. Mimi nikabaki juu. Dari lile ni gumu kuliko linavyoonekana.

Nikiwa nimelala chini, abiria wa mstari wa mbele aliuliza kama chai ingali inakuja.

Jumanne, 5 Machi

Hasira. Wanaotuandikia kanuni ya kukaa ndio hao hao wanaotukemea chai ikichelewa. Abiria wamefungwa vitini salama salimini, sisi tunavunjika miguu na kuungua maji ya moto, kisha tunaambiwa tutabasamu! Ningeandika gazetini. Lakini kwanza ile nafasi.

Ijumaa wanachagua mwalimu wa wahudumu wapya. Kazi ya ardhini, kulala nyumbani kila siku. Mke wangu anasema amechoka kuolewa na sanduku. Naitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mpinzani ni mmoja: Bi Mkanda, mwenzetu anayechechemea, ambaye hukaa na kujifunga kabla rubani hajamaliza sentensi. Mwoga!

Hila imenijia. Nimempigia bosi simu, nikamwambia nilisimama ili kumfunga mkanda bibi kizee mmoja. Bosi akanipa pole kwa heshima. Kisha akaniita shujaa. Mke, aliyesikia yote, akauliza bibi yupi huyo. Nikamwambia mwenye mvi.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Mkanda, tuliyekuwa naye safari ile, amekuja kunijulia hali na machungwa. Ujasusi mtupu! Akauliza, kaka, taa ilipona? Nikajibu ilikuwa ya abiria. Akacheka hadi akashika ule mguu wake. Akanieleza kwamba aliuvunja akimalizia kumimina vikombe viwili tu, na rubani alikwisha sema. Akaongeza kuwa yeye hatanichongea, ila nikipewa darasa, tafadhali niwafundishe watoto wa watu wakae.

Nimekula machungwa yote. Hanitishi.

Ijumaa, 8 Machi

Mbele ya kamati nilisimulia vizuri mno. Bosi alitoa leso. Nikawa namalizia pale bibi kizee mwenye mvi aliponishukuru, mlango ukafunguliwa. Mke wangu. Nyuma yake mama mkwe, taa mikononi.

Alikuja kunipigia debe! Akawaambia wakubwa wamtazame mkwe huyu: kiti chake kaipa taa yangu, kaifunga mkanda, mwenyewe kasimama hadi mfupa ukavunjika! Wakwe wa wenzangu, akasema, hata kipande cha sabuni hawaleti.

Mke akatazama sakafu. Bosi akakunja leso, akauliza kwa upole yule bibi mwenye mvi alikaa wapi. Mama mkwe akajigusa kichwa, akasema jamani, yeye ndege hajapanda tangu azaliwe.

Jumatano, 13 Machi

Kazi kapewa Bi Mkanda. Mke hakufoka. Alisema tu kwamba kuanzia leo sanduku langu nitalipanga mwenyewe. Afadhali angefoka.

Lakini angalia! Bi Mkanda kaniita kwenye darasa lake la kwanza. Taa ikafungwa kwenye kiti. Mimi nikasimamishwa kando yake na kitambaa changu shingoni. Wanafunzi waliandika kila kitu. Mmoja akauliza, mzee, kichwa kiligonga dari kabla ya kuifunga taa au baada? Swali la kitaalamu. Wameniheshimu sana.

Ijumaa, 24 Mei

Mfupa umeunga. Nimerudi angani. Mama mkwe kasema taa moja chumbani ni yatima, nami nimempatia ya pili. Makabati yamejaa, kama kawaida. Hata hivyo, mwenye akili hujifunza. Nimeifikiria ajali ile kwa kina, nikagundua kosa langu: mkanda wa kiunoni ulilegea kidogo. Leo nimeukaza barabara.

Hewa imeanza kutikisa. Rubani anatangaza tukae. Birika mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia, mwandiko mzuri, nimesimama.

Taa imekaa.