Lastiki ya Kaptula Kwenye Mashine ya Baba

Benchi la mbele ya nyumba ya Cherehani, fundi nguo, halina mwenyewe, lakini kila mtu ana sehemu yake, na ukikaa ya mwenzako utasikia maneno. Taarifa, mzee wa habari za simuni, hukaa mwishoni kabisa kwa sababu eti mtandao unashika pale. Jioni hiyo hata kahawa hakuwa ameigusa, akainua simu usawa wa pua kama anasoma hukumu.

"Sikilizeni nyie. Matajiri wamezichoka simu. Sasa wanasaka tepurekoda za zamani, zile zenye magurudumu mawili juu, utepe unatoka huku unaingia kule. Wanasema sauti yake ina joto."

"Sauti ina joto?" aliuliza Spoku, fundi baiskeli, huku akinyoosha rimu aliyokuja nayo. "Basi waipeleke hospitali."

"Wewe huwezi kuelewa. Ni mambo ya watu wenye nafasi."

"Nafasi ndiyo, maana lile dude linajaza chumba. Mtu aache simu inayoingia mfukoni, anunue mashine ya kubebwa na watu wawili?"

"Ndiyo utajiri wenyewe," alisema Birika, mama muuza kahawa, akimimina. "Maskini anatafuta kitu chepesi. Tajiri anatafuta kitu ambacho atakibeba mwingine."

Walicheka wote isipokuwa Cherehani. Na hapo ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu Cherehani ni mtu ambaye hata akiwa na pini mdomoni huchangia hoja. Akinyamaza, ujue ama anaumwa ama kaharibu nguo ya mtu.

"Gauni la nani limeungua?" Spoku alimuuliza.

"Hakuna gauni. Hiyo mashine anayosema Taarifa ninayo. Ya marehemu baba. Ipo mezani kwangu ndani, nimeifungua wiki nzima."

"Kumbe ndiyo maana suruali yangu haiishi," alisema Taarifa.

"Suruali yako haiishi kwa sababu kiuno chako hakiishi kuongezeka. Sikiliza. Vumbi nimetoa, pale utepe unapopita nimesugua kwa pamba na spiriti, waya wa umeme nimebadilisha. Tatizo ni mpira wa kuzungushia magurudumu. Nimeukuta umeyeyuka kama lami. Maduka yote nimezunguka, wananicheka."

"Sasa umefanyaje?"

Cherehani aliangalia vidole vyake. "Nimeweka lastiki."

"Lastiki ipi?"

"Ya kaptula. Ile nyeusi nzuri. Nimeikunja mara mbili iwe imara, nikaipiga zigizaga."

Spoku aliiweka rimu chini taratibu. "Ndugu zangu, huyu bwana kamvalisha marehemu kaptula."

"Nimeivalisha mashine."

"Sasa ikilegea si itashuka mpaka magotini?"

"Usiombe ikalegee marehemu akiwa katikati ya hotuba," alidakia Taarifa, na Birika akalazimika kuweka birika chini asimwagie watu.

Siku nyingine Cherehani angewarudishia, tena kwa riba. Siku hiyo alingoja wamalize.

"Utepe uko mmoja tu," alisema. "Mmoja dunia nzima. Baba aliongea humo siku aliyoileta mashine nyumbani, hakurudia tena. Sasa mama juzi ananiambia, mwanangu, sura ya baba yako ninayo kwenye picha, sauti ndiyo inanitoka. Anasema akijaribu kuikumbuka anamsikia mtangazaji wa redio."

Birika alimwongezea kahawa.

"Utepe wenyewe mkavu kama jani. Mashine ikiumeza, nimemzika baba mara ya pili, kwa mikono yangu. Mama amekaa ndani tangu mchana, amevaa nguo yake ya kutokea. Na mimi nipo hapa nakunywa kahawa."

"Unangoja nini?" aliuliza Birika.

"Nangoja woga uishe."

"Hapo utangoja mpaka hiyo lastiki izeeke. Inuka, twende."

Waliingia wote, na chumba cha mbele kikajaa. Mama yake Cherehani alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Walimwamkia, akawaitikia, akawahesabu kwa macho.

"Mbona mmekuja kundi zima? Kuna msiba?"

"Tumekuja kumsikiliza mzee, mama," alisema Taarifa.

"Hamna kazi nyinyi."

Cherehani akainama mezani kuchomeka ncha ya utepe kwenye tundu la gurudumu tupu. Mkono ule hutia uzi kwenye sindano huku mwenyewe akibishana na mteja, lakini sasa ulikosa tundu mara ya kwanza, ukakosa tena. Spoku alisogeza kidole karibu na gurudumu, tayari kulizuia utepe ukianza kujisokota. Cherehani akabonyeza.

Ukasikika mchakacho kama wa mchanga. Magurudumu yakazunguka, utepe ukapita salama, kisha sauti ikatoka, nyembamba, ya mbiombio, kama ya mtoto aliyetumwa dukani akarudi anakimbia: *mke wangu leo nimeleta mashine maneno ya kwanza nikaona niyaseme kwako...*

Birika aliziba mdomo kwa upande wa kanga asicheke. Taarifa aligeukia ukuta, mabega yakimcheza.

Cherehani alitamani ardhi ipasuke. "Mama, si yeye. Samahani mama. Mashine inakimbia."

"Lastiki nene," Spoku alinong'ona. "Umeikunja, kile kigurudumu cha mota kimekuwa kama kimenenepa. Kinazungusha kupita kiasi. Ushone nyembamba."

Cherehani akanyoosha mkono aizime.

"Toa mkono," alisema mama.

Akautoa. Mashine ikaendelea kuchapa maneno mpaka mwisho: *na nikitangulia mimi lia kidogo tu majirani wasiseme halafu unyamaze ule ulale umehangaika nami vya kutosha.* Kisha ukabaki ule mchakacho wa mchanga.

Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Ndiye huyo mama?" aliuliza Cherehani, roho mkononi.

"Ndiye. Baba yako alikuwa akianza neno, mimi naweka maji jikoni, yanachemka, yeye bado anavuta pumzi. Huu utepe aliniwekea si mara moja wala mbili, na kila mara nilisinzia hapahapa kitini kabla hajafika popote. Leo ndiyo namsikia anamaliza." Akatikisa kichwa. "Kumbe aliniruhusu nilie kidogo tu. Na mimi nililia mpaka macho yakanivimba, bure."

"Nitashona nyembamba, mama. Utaisikia sauti yake yenyewe, ile ya taratibu."

"Shona. Hiyo nitaiweka nikikosa usingizi. Lakini leo mwache hivyohivyo alivyo. Mrudishe mwanzo."

Cherehani alirudisha utepe mwanzo kwa mkono, polepole. Taarifa alikuwa ameshajitafutia pa kukaa kwenye rundo la vitambaa, na Spoku ameegemea mlango, wote wakingoja awamu ya pili. Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Nanyi mnangoja nini? Tokeni nje. Mume wangu anaongea na mimi."