Harufu ya Kitunguu Kimoja

Jumatatu, 4 Machi

Dada amepiga simu nikiwa sijapiga hata mswaki. Anakuja Jumapili. Anataka kuona kwa macho yake kama kweli najipikia, maana hilo ndilo sharti alilonipa nilipohama kwake: nikigundulika nashindia mkate, narudi. Kurudi maana yake ni kochi la sebuleni, na Baba Mdogo kwenye godoro pembeni yangu, anakoroma huku redio yake iko kifuani inaendelea kuhutubia. Nimelala hivyo mwaka mzima. Sirudi. Nina chumba, nina ufunguo, nina kimya.

Lakini kumpikia mtu mmoja ni dharau. Umenye, ukatekate, ukoroge, kisha ukae peke yako ule unaangalia ukuta, halafu uoshe vyombo. Mkate hauna vyombo.

Nimetafakari. Masikio ya Dada hapa ni Mama Cherehani, fundi wa nguo mlango wa pili. Wanapigiana simu kama wachumba. Sasa, macho ya Mama Cherehani hayapiti ukuta, ila pua inapita. Akili ni mali.

Sokoni nimeomba kitunguu kimoja. Muuza mboga akasema anauza kwa fungu. Nikamweleza naishi peke yangu. Akaniuliza kama naumwa. Mwishowe kanipa kimoja, kidogo kuliko vyote.

Jioni nimekikaanga, mlango wazi. Kisha nimekula mkate kwa chai, mlango umefungwa. Kitunguu nimekiacha kwenye sufuria. Ushahidi hauliwi.

Jumanne, 5 Machi

Mama Cherehani kanikuta ngazini, kaniuliza nimelalaje. Ati jana alisikia harufu ya kitunguu, akasubiri kinachofuata, hakikufuata kitu. Akasema mwanamume mzima hawezi kulalia kitunguu. Nimemwambia nilikuwa nafunga hesabu za tumbo. Hata mimi sijui maana yake.

Yule mama ana pua ya mbwa wa polisi. Kwa hiyo leo nimeongeza nyanya. Muuza mboga aliponiona tu akawaambia wenzake, Bwana Kimoja huyo anakuja. Soko zima limecheka. Kimoja, kimoja nini? Nimenunua nyanya mbili kwa makusudi.

Nyanya zimeshika chini. Nimetia maji. Zikaanza kutokota vizuri, na harufu ikatoka hadi ngazini. Mkate wa leo ulikuwa mkavu kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nimekaanga kama kawaida, nikasikia hodi. Mama Cherehani, na sahani mkononi. Gesi yake imeisha, ana nguo ya bibi harusi ya kumaliza, na harufu yangu imemtesa siku tatu. Akasema jirani ni ndugu wa karibu.

Ningemfungulia angeona nini? Kitunguu na nyanya zinaogelea. Nimesema bila kufungua mlango kwamba bado kidogo, arudi baadaye. Nikatokea dirisha la nyuma, bahati chumba kiko chini. Kwa umri huu! Nimekimbia sokoni, nimechukua viazi bila kuuliza bei. Muuza mboga akauliza kama Bwana Kimoja kaoa.

Nimemenya viazi kama naviadhibu. Vimeiva anapiga hodi ya tatu. Nimempa vyote, aende. Kaondoka anaonja njiani, anasema chumvi imepungua lakini mkono upo.

Sahani yake imejaa. Mimi nimekula mkate, tena kile kipande cha pembeni.

Alhamisi, 7 Machi

Karudi. Safari hii na sahani mbili. Ya pili ni ya mama wa bibi harusi, aliyekuja kujaribu gauni na akakataa kuondoka bila kuonja. Nimepika viazi na kabichi. Sokoni kabichi haikatwi, nimebeba nzima. Wanawake wawili wamekula wamesimama mlangoni, wanasifu. Mama wa bibi harusi kaniuliza siri ya huo mchuzi. Nimemjibu ni siri. Sijawahi kuuonja, nitajuaje?

Njaa imenishika. Lakini mkate upo, na mimi ni mtu wa msimamo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegundua kasoro kubwa. Sufuria langu linang'aa chini! Dada hukagua sufuria kwa chini kwanza, ndipo anaamkia watu. Sufuria la mpishi lina masizi, na jiko langu la gesi halitoi masizi.

Nimewasha magazeti kwenye beseni la bati, nikalishikilia sufuria juu yake. Moshi ukajaa. Mama Cherehani akapiga ukelele kwamba jirani anaungua, akaingia na ndoo ya maji ya kufulia, akanimwagia mimi kwanza, moto baadaye. Nimenuka sabuni na moshi.

Akataka kujua nilikuwa nafanya nini. Nimesema nachoma nyama. Akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akasema masikini, upweke ni kitu kibaya.

Sufuria limepata doa moja tu, ubavuni.

Jumamosi, 9 Machi

Kesho ndiyo kesho. Nimekaa nikaona hatari yenyewe: Dada hatanusa, Dada atakula. Sifa za Mama Cherehani hazinidanganyi. Mtu mwenye njaa na gesi imeisha husifu hata mchanga.

Nimekwenda kwa mpishi wa mgahawa wa kona, yule mwenye kitambi. Nimempelekea sufuria langu jingine, lile kubwa, anitilie wali na nyama, alfajiri nichukue, asimwambie mtu. Kaniuliza kuna nini. Nimesema ni mambo ya familia. Kanipa pole, akafikiri kuna msiba.

Nimelala kwa raha. Za mwizi arobaini, lakini mimi nimetumia sita tu.

Jumapili, 10 Machi

Naandika yote kama yalivyokwenda.

Dada kafika mapema. Kapindua sufuria dogo, kaona doa, kalirudisha. Kafunua kubwa, kaona wali na nyama, kaguna kwa heshima. Mama Cherehani kajialika mwenyewe. Tukakaa.

Mama Cherehani katia kijiko kimoja mdomoni, akakiweka chini. Akasema huu si mkono wangu. Nikaapa nimepika mimi. Akasema haiwezekani, hii nyama imechemshwa na mtu asiyempenda mlaji, na yeye amekula kwangu, ananijua. Dada akatafuna, akatafuna tena, akasema hii nyama ni ya mgahawa wa kona, aliwahi kuvunjika jino pale.

Nikajiona kochini. Niliisikia na redio.

Basi Mama Cherehani, badala ya kunimaliza, akanitetea. Akamwambia Dada nina aibu tu, naficha kipaji changu. Akaniamuru niingie jikoni nipike viazi vya Jumatano mbele yao. Nimepika nimelowa jasho. Kitunguu, nyanya, maji, viazi, vile vile, maana sijui namna nyingine.

Dada kala akamaliza. Kafuta sahani kwa kidole. Halafu, macho yana maji, akasema tangu mama afariki hajala viazi vya namna hii, na kwamba hakujua mkono wa mama ulikwenda kwangu. Nilitaka kuonja. Nilipofika jikoni sufuria lilikuwa tupu. Mama Cherehani alikuwa kajiongezea.

Nikauliza kama chumba ni changu sasa. Dada akasema ni changu kabisa, hilo limekwisha. Tena akaongeza kwamba anayejipikia hivi hawezi kushindwa kumpikia na wa pili. Baba Mdogo amesusa mapishi ya Dada wiki ya tatu sasa, anakonda. Kesho anamleta.

Nimekula mkate.

Jumatano, 13 Machi

Baba Mdogo yuko kitandani kwangu. Mimi niko kwenye mkeka. Redio iko katikati yetu, na haijazimwa tangu juzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Nimemwonyesha vyombo vichafu. Akasema mgongo.

Sikukaa bure. Kilichomtoa kwa Dada ni chakula kibaya, kwa hiyo chakula kibaya kitamtoa na kwangu. Mpango hauna tundu. Leo nimekaanga kitunguu mpaka kikawa cheusi. Nyanya nimeziunguza. Viazi nimeviacha vishike chini hadi jirani akakohoa.

Baba Mdogo kakwangua sufuria mpaka likalia. Kasema ukoko wa namna hiyo alikuwa akiutengeneza marehemu mama yetu, na kwamba hapa haondoki mpaka Mungu amwite. Mama Cherehani alikuja na sahani yake, akasema leo nimepika kuliko siku zote.

Na sasa sufuria lina masizi ya kutosha.

Baba Mdogo kaniuliza kwa nini mimi nakaa kizingitini natafuna mkate mkavu wakati chakula kipo. Nimemwambia kila mtu na mambo yake, mimi nina kazi ya kufikiri. Nimeshapata jibu. Kesho nitazidisha chumvi. Mama Cherehani mwenyewe si alisema imepungua?