Kampeni ya Kurudi Kitandani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo umekwisha. Kochi letu ni la watu wawili waliokaa, si la mtu mmoja aliyelala, na miguu yangu imekesha hewani. Mimi, muuza magodoro! Kutwa nawaambia wateja kwamba usingizi ni afya, jioni narudi kujikunja kama shati kwenye begi.

Chanzo ni Mheshimiwa, binti yangu, aliyezaliwa katikati ya mwezi uliopita na kuamua kwamba mchana ni wa kulala na usiku ni wa mikutano. Mama mkwe akaja kumsaidia mke wangu. Chumba kimoja, kitanda kimoja cha watu wazima. Nani apishe? Sikuulizwa. Mama mkwe ameshasema: ataondoka siku mjukuu wake akijua kuwa usiku ni usiku.

Basi nitamfundisha mimi. Wasiolala ndio wateja wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeleta mito sita kutoka dukani, ile laini kuliko yote, na blanketi la manyoya. Nikapamba kitanda cha Mheshimiwa, kikapendeza kuliko vyote tulivyonavyo dukani. Nikawaita waje washangae.

Kumbe nesi wa kliniki alikuwa sebuleni, amekuja kumpima mtoto. Akaingia, akatoa mto wa kwanza, wa pili, yote, na blanketi juu yake. Akasema mtoto mchanga hulazwa chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto wala kitu kingine chochote. Nikamweleza kwa upole kwamba usingizi ndiyo fani yangu. Akauliza fani yangu ni watoto au ni sponji. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Nesi akaendelea. Mchana mapazia yafunguliwe na watu waongee kama kawaida. Usiku taa ififie, pawe kimya. Kila jioni yafanyike yale yale: aoge, anyonye, aimbiwe, kisha alazwe akiwa anasinzia. Akasema pia tuwe na subira, maana mtoto wa umri huu lazima aamke anyonye, na usiku atauzoea mwenyewe taratibu. Hapo kwenye subira nilikuwa nimeshaacha kusikiliza.

Mama mkwe amechukua mito miwili kati ya ile sita. Anaegemeza miguu. Kitandani kwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini ili Mheshimiwa aujue mchana. Nikafungua mapazia. Nikawasha redio. Nikapigilia msumari ukutani bila sababu yoyote, nikakokota kabati kutoka kona hii hadi kona ile. Nesi alisema tuongee kama kawaida, lakini kawaida ya nyumba hii ni ndogo mno.

Mheshimiwa akalala fofofo, mkono mmoja juu, hana habari na mtu. Aliyeamka ni jirani wa juu, dereva wa lori, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka safari. Alishuka na kaptula. Maneno yake sitayaandika humu, maana mtoto atakua na kujua kusoma. Mama mkwe akamwomba radhi kwa niaba ya familia, akamwambia mkwe wake hajambo, ila hajalala vizuri.

Nimerudisha kabati peke yangu. Mgongo tena.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu ya jioni sasa ni yangu. Mke wangu alinitazama kwa wasiwasi, lakini mtu aliyechoka hakatai msaada.

Nikamwogesha Mheshimiwa. Akanyonya. Nikafifisha taa. Ikabaki kuimba, na hapo nikakwama, kwa sababu wimbo pekee ninaoujua hadi mwisho ni ule wa tangazo la duka letu, unaopigwa kwenye spika kutwa nzima: njoo ulale, njoo ulale, magodoro ya kila aina. Nikauimba polepole. Kusema kweli unabembeleza.

Nikaamshwa na mke wangu. Nilikuwa chini kwenye zulia, mdomo wazi. Mheshimiwa alikuwa macho makavu kitandani mwake, ananitazama.

Jumatano, 12 Machi

Jioni zote tangu Jumamosi mambo ni yale yale. Namwogesha mtoto, nafifisha taa, naimba, naanguka. Mheshimiwa bado anakesha. Mke wangu anasema mafunzo yamefanikiwa, tatizo ni mwanafunzi.

Leo aibu. Nilikuwa namweleza mama mmoja habari za springi wakati bosi alipowasha spika. Njoo ulale, njoo ulale. Nikapiga mwayo. Nilichokumbuka baadaye ni bosi ananivuta sikio, nami nimejilaza kwenye kitanda cha maonyesho, viatu mguuni. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini yule mama alikuwa ameshamwambia bosi kwamba anataka kitanda hichohicho, kwa kuwa hajawahi kuona mtu akilala hivyo. Bosi hakunifukuza wala hakunishukuru. Alizima spika tu.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe aliuliza kama aniimbie kidogo ili watu wale chakula kwa amani.

Jumapili, 30 Machi

Ushindi! Mheshimiwa amelala kipande kirefu cha usiku, jana na juzi. Anaamka, ananyonya, anarudi usingizini kama mtu mwenye adabu. Nesi anasema ni umri tu, watoto wengi huanza hivyo. Nesi ni mtu mzuri, ila ana wivu wa kitaalamu.

Mama mkwe anafunga begi. Nikampigia simu baba mkwe kumpa habari. Nilimweleza mbinu zangu kwa kirefu. Nikasema kwangu mimi hakuna mtoto asiyelala. Kumbe ameweka sauti kubwa, na ukoo mzima ulikuwa pale unasikiliza.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi begi la mama mkwe lilikuwa mlangoni. Nikatandika shuka zangu, nikalala katikati ya kitanda, mikono huku na huku. Nilikaribia kulia kwa raha.

Mlango ukagongwa. Shemeji, dada yake mke wangu, na mapacha wake wachanga, na mabegi. Mumewe alipunga mkono kutoka kwenye teksi akaondoka mbio. Shemeji akasema baba yao amewaambia wote kwamba mtaalamu yuko kwetu. Mke wangu alikuwa ananikonyeza nikatae, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo kukataa. Shemeji akaniita Daktari.

Mabegi nimeyabeba mwenyewe hadi chumbani. Mama mkwe ameshafungua la kwake bila kuambiwa na mtu.

Mume wa shemeji amepiga simu sasa hivi kuuliza itachukua muda gani. Sauti ilikuwa ya mtu aliyejinyoosha kitandani mwake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimejilaza hapa kochini napanga mbinu mpya, na familia yake haitoki humu mpaka niridhike mwenyewe.